Kamba Aliyoikata Wathome

Kamba ilinunuliwa na Kasyoki. Hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote kijijini kwetu, upande wa Kithimani. Aliinunua katika duka la Omar, kamba ya katani nene kama kidole gumba, kwa sababu mumewe Musili alimwambia ile ya zamani imechakaa na kazi ya kuchimba visima haitaki mchezo. Kasyoki aliichagua mwenyewe, akaivuta kwa mikono miwili pale dukani hadi Omar akacheka, kisha akaibeba kichwani hadi nyumbani. Wiki mbili baadaye Musili alivunjika mgongo ndani ya kisima. Watu walipofika waliona kamba imekatika, na kwa miaka minane Kasyoki akawa mwanamke aliyemlemaza mumewe kwa kamba mbovu.

Mimi pia nilisema hivyo. Ni jirani yao, tunapakana kwa ua wa minyaa, na nilisema maneno hayo kwenye foleni ya maji bila kufikiri, kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Kwa hiyo nikieleza habari za Wathome, sielezi nikiwa nimekaa juu ya kiti cha hakimu.

Wathome Mbithi alikuwa mwenzake Musili katika kazi. Walianza kuchimba visima wakiwa vijana ambao hawajaoa. Musili, mwembamba na mtulivu, ndiye aliyeshuka chini na sururu. Wathome, mwenye mabega ya fahali, alibaki juu akizungusha gogo lenye mpini wa chuma, akivuta ndoo za udongo na mawe, akizimwaga, akizirudisha. Kazi hiyo ni ya kuaminiana. Aliye chini haoni kitu isipokuwa duara dogo la anga, na ndani ya duara hilo kichwa cha mwenzake.

Wathome alikuwa mcheshi, na alikuwa mlevi. Kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, alianza kuinywa kwa kikombe kwenye harusi, halafu kwa chupa nyumbani, halafu akawa anaibeba kazini katika mfuko wa koti. Muguka nayo, yale majani ya kutafuna, haikukosa shavuni mwake. Alisema muguka inamwamsha na kaluvu inamtuliza, na katikati ya hizo mbili ndipo anapofanya kazi vizuri. Musili alimwonya mara nyingi. "Wathome, mimi ndiye niko chini," alikuwa akimwambia. Wathome naye alikuwa akicheka na kumpiga begani.

Siku hiyo ya Oktoba, mwaka wa 2016, walikuwa wakichimba katika shamba la mzee mmoja ng'ambo ya kilima. Kisima kilikuwa kimefika futi arobaini, na Musili alikuwa amefikia mwamba. Yapata saa tano asubuhi Wathome alikuwa akiipandisha ndoo iliyojaa mawe. Alikuwa ameanza kunywa tangu alfajiri. Ndoo ilipokuwa imekaribia mdomo wa kisima, aliushikilia mpini kwa mkono mmoja, akaingiza mwingine mfukoni kutafuta chupa.

Mpini ulimponyoka. Gogo likazunguka kama wazimu. Ndoo ikashuka na mawe yake yote, na chini Musili alikuwa ameinama.

Wathome alisikia mshindo, kisha kimya, kisha sauti ya rafiki yake. "Wathome!" Hakuitika. Ameniambia mwenyewe, nasi tukiwa tumeketi nyuma ya nyumba yake mchana mweupe, kwamba ulevi wote ulimtoka wakati huo, akawa na akili timamu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kwa hiyo hawezi kusema ni pombe iliyofanya kilichofuata. Alitazama kamba. Ilikuwa nzima. Akaona kwamba watu wakija na kuikuta nzima, watauliza nani aliachilia mpini. Akaivuta sehemu ya kamba juu ya jiwe lenye ncha, akaisugua mpaka nyuzi zikasimama, akaimalizia kwa panga, akazichambua ncha zake kwa vidole zifanane na kitu kilichooza. Kipande kirefu kikaangukia kisimani. Wakati wote huo Musili alikuwa akimwita.

Ndipo Wathome alipopiga ukemi na kukimbia kuelekea nyumba za watu.

Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba sasa hapakuwa na kamba ya kumtoa mtu kisimani. Watu walikuja kumi, ishirini, wakasimama kwenye ukingo wakiwa na mikono mitupu. Kamba nyingine ilipatikana kwa mwenye lori, mbali, na saa moja na nusu ilipita kabla haijafika. Wathome ndiye aliyeshuka. Alimfunga Musili kifuani mwake na wakavutwa pamoja, polepole, Musili akipiga mayowe kila walipogusa ukuta. Watu walimwona Wathome akitoka shimoni akilia, amekumbatia mwenzake, nguo zimejaa damu, wakasema huyo ndiye rafiki.

Hospitalini madaktari walisema uti wa mgongo umeumia na Musili hatatembea tena.

Mama yake Musili, bibi Kalunde, ndiye aliyeokota ncha ya kamba. Aliileta nyumbani, akaishika mbele ya mkaza mwanawe.

"Hii ulitoa wapi?"

"Kwa Omar, mwaitu," akasema, kama tunavyomwita mama kwetu. "Ilikuwa mpya."

"Mpya? Angalia! Kitu kimeoza namna hii unamletea mwanangu ashukie kisimani?"

"Niliivuta kwa mikono yangu, mwaitu."

Wathome alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kusema neno moja. Aliwaza kwamba maneno ya kina mama yatapoa yenyewe baada ya mazishi au baada ya kupona, lolote litakalotangulia. Hayakupoa. Dada zake Musili waliyabeba hadi kwa waume zao, yakafika sokoni, na watu wakaacha kununua kamba kwa Omar hata akaziondoa dukani, akabaki na sufuria na mabeseni. Kasyoki alijitetea mwaka mmoja. Baadaye nilimsikia akimwambia mke wangu, "Labda sikuivuta vizuri. Labda kulikuwa na mahali palipooza sikuona." Aliposema hivyo nilimwona kama mtu aliyekubali kosa lake hatimaye. Mungu anisamehe.

Wathome hakuchimba kisima kingine. Alienda Lukenya, kwenye machimbo ya mawe, akakaa huko miaka mitatu akipasua mawe ya kujengea na kunywa alichopata. Alisema alifuata kazi, lakini alikuwa akikimbia ile barabara ipitayo mbele ya nyumba ya Musili, ambako rafiki yake sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu, amejifunza kutengeneza redio na simu. Mkewe Mutanu, aliyeachwa na watoto wawili, Mbithi wa jina la babu na mdogo wake, bila habari, alirudi kwa wazazi wake. Mwaka ule wa ugonjwa wa korona, kazi ziliposimama, Wathome alirudi kijijini akiwa amekonda, miguu imevimba, anakohoa, akajifungia katika nyumba tupu na kuendelea kunywa.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Kasyoki, ambaye tulimwita Mama Kanini kwa jina la binti yake.

Alikuja na jagi la uji na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Akafagia, akatupa chupa nje, akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Shemeji, kunywa uji."

"Niache tu, Mama Kanini. Mimi nimekwisha."

"Sikuachi. Wewe ndiye ulimtoa Baba Kanini shimoni. Mimi ndiye nilimtia. Nikikuacha ufe na pombe hapa, nitamwambia Mungu nini?"

Wathome anasema uji ule ulimpita kooni kama mchanga. Lakini aliunywa. Kasyoki alirudi kesho yake na kesho kutwa, mwezi mzima, na Wathome alipoweza kutembea alimpeleka kanisani, akaketi naye benchi moja. Mchungaji Ndolo, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, alimwombea. Wathome akaokoka mbele yetu sote, akatupa muguka, akaacha pombe. Haikuwa rahisi. Wiki za kwanza alitetemeka hata hakuweza kufunga vifungo vya shati. Mutanu alirudi baada ya nusu mwaka, akiwa bado anamchunguza mumewe kama mtu anayepima maji kwa kidole. Kila mtu alifurahi.

Alipotoa ushuhuda alisema yote. Pombe, muguka, jinsi alivyomtupa mkewe, jinsi alivyolala mtaroni Lukenya. Wanawake walipiga vigelegele. Kamba hakuitaja. Alijiambia kwamba Mungu ameshamsamehe yaliyopita, na kufukua mambo ya kale ni kumpa shetani nafasi. Ni maneno mazuri, tena tunayapenda kanisani. Tatizo ni kwamba wakati anayasema moyoni, Kasyoki alikuwa safu ya pili akimpigia makofi kuliko wote.

Akaanza kuwa mtu wa kutegemewa. Alirekebisha paa la kanisa, alibeba wagonjwa, aliwahi ibada kabla ya mwenye funguo. Kadiri watu walivyomsifu ndivyo alivyozidi kukosa usingizi. Alikuwa akienda kwa Musili kila Jumamosi kumkatia kuni na kumchotea maji, na Musili akimshukuru alikuwa akijifanya hajasikia.

Mwaka wa 2023 bibi Kalunde aliugua, akawa wa kitandani. Sisi wa ushirika wetu tulienda kumwona, watu saba hivi, mimi na Wathome tukiwemo. Kasyoki aliingia na bakuli la uji, akapiga magoti kando ya kitanda, akaupeleka uji kinywani mwa mama mkwe kwa kijiko. Yule bibi aliutema. Ulimwangukia Kasyoki kifuani.

"Huu mkono sili chakula chake," akasema. Sauti ilikuwa hafifu lakini kila mtu aliisikia. "Ulimvunja mwanangu. Niletewe uji na mtu mwingine."

Kasyoki alijifuta kwa leso. Hakutoka. Mtu mmoja, kwa kutaka kuokoa hali, akasema, "Ndugu Wathome, tuongoze kwa maombi." Wathome akaushika mkono wa bibi Kalunde na kuomba. Aliomba vizuri. Aliomba amani katika nyumba hiyo. Nilimwona jasho likimtiririka nikadhani ni Roho.

Bibi Kalunde alifariki siku nne baadaye, hajala tena kitu cha mkono wa Kasyoki.

Tulipotoka makaburini, Wathome hakurudi nyumbani na wengine. Alishika njia ya mtoni, kwa mama anayeuza kaluvu, na akanywa. Miaka miwili na miezi kadhaa alikuwa amekaa bila tone. Alirudi kwake jua halijazama, na Mutanu, aliyekuwa akikamua ng'ombe, aliinusa harufu kabla hajamwona. Aliiweka ndoo ya maziwa chini.

"Umeanza tena?"

"Nimekunywa."

"Kwa sababu gani? Shosho wa watu alikuwa mgonjwa, amepumzika. Wewe unalia kuliko wenye msiba!"

Akamwambia. Alimwambia yote, amesimama katikati ya zizi, ng'ombe akimnusa koti. Mutanu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa juu ya jiwe, akajishika kichwa.

"Mimi nimemcheka Kasyoki kwa hiyo kamba," akasema. "Nimemcheka na dada zake Musili. Nimeenda kwa nyumba yake nikala chakula chake, nikatoka nikamcheka."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Na usiniambie habari ya pombe tena. Kila siku unaitubia pombe, Baba Mbithi. Pombe haikushika panga. Unamwogopa Kasyoki, basi, kwa hivyo unaomba msamaha mahali hauna bei."

Unaweza kudhani alienda kesho yake. Hakwenda. Aliacha kunywa tena, na hiyo ilimsumbua kuliko mara ya kwanza, lakini kwa Kasyoki alishindwa kwenda. Kila Jumamosi alikwenda amejiandaa, akakata kuni, akarudi. Mutanu hakumsukuma na hakumsaidia. Alimpikia, akamwitikia, na kila Jumamosi jioni alimtazama usoni mara moja tu, kisha akaendelea na kazi yake. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Kilichomvunja ni heshima. Kanisa letu lilihitaji mzee mpya, na jina lake likatajwa. Jumapili moja ya Agosti Mchungaji Ndolo alimsimamisha mbele na kusema, kama ilivyo desturi, kwamba aliye na neno juu ya ndugu huyu aseme.

Kasyoki akasimama.

"Mimi niko na neno," akasema. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, na sauti yake ilitetemeka kwa sababu si mtu wa kusema mbele za watu. "Huyu ndugu aliingia shimoni akamtoa mume wangu. Mimi nilifanya makosa, yeye akayabeba. Kila Jumamosi anatukatia kuni. Mkitafuta mtu mwaminifu, ni huyu."

Watu wakasema amina. Wathome alikuwa ameshika ukingo wa meza ya mbele. Nilikuwa karibu, niliona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwenye kucha. Mchungaji alipoinua mkono ili ambariki, Wathome aliushika mkono huo hewani na kuushusha.

"Ngojeni," akasema. "Mimi sifai. Nitawaambia sababu, lakini si ninyi mnaopaswa kuisikia kwanza."

Akatoka. Mutanu akasimama kwenye benchi la kina mama, akamfuata.

Alasiri hiyo waliwakuta Musili na Kasyoki nje ya nyumba, chini ya mabati yanayotokeza. Musili alikuwa na redio iliyofunguliwa mapajani. Kasyoki alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, bado na gauni la kanisani, akajaribu kuuliza ni nini kilitokea kule mbele, kama ni ugonjwa. Wathome hakukaa.

"Shemeji, ile kamba yako ilikuwa nzima."

"Kamba gani?" Kasyoki aliuliza, ingawa katika maisha yake kulikuwa na kamba moja tu.

"Ile ya kisima. Haikukatika. Nilikuwa nimelewa, nikaachilia mpini. Halafu nikaikata kwa panga ndio watu wasijue."

Maharagwe yalikoma kusikika kwenye ungo. Musili alizima chuma chake cha kuchomelea na kukiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

"Nilikuita," Musili akasema. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ilikuwa nne," Musili akasema.

Kuku walikuja kudonoa maharagwe yaliyoanguka, hakuna aliyewafukuza.

"Na ile saa mlikuwa mnatafuta kamba nyingine," Musili akaendelea, "kama ningetolewa mapema... hii miguu..."

"Sijui. Nimeuliza daktari mmoja, nikasema ni habari ya mtu mwingine. Alisema hakuna anayeweza kujua. Sitakudanganya tena. Sijui."

Kasyoki alikuwa amesimama. Alizungumza polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Mwaitu alinitemea uji. Wewe ulikuwa hapo. Ulimshika mkono ukaomba."

"Ndiyo."

"Amekufa akijua ni mimi."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite shemeji."

Wathome alikuwa amejiandaa kupigwa. Alitamani sana apigwe. Lakini Kasyoki alimgeukia mumewe, na kwa sauti tofauti kabisa akauliza, "Na wewe, Baba Kanini? Wewe uliamini?"

Musili aliangalia redio. Angeweza kusema hapana, na hakuna mtu ambaye angembishia. "Siku zingine," akasema. "Usiku maumivu yakizidi. Sikukuambia."

"Hukuniambia. Lakini pia hukuwaambia waache."

Asubuhi Kasyoki alifunga nguo zake na kwenda Kathiani kwa kaka yake, Antony. Binti yao Kanini, aliyekuwa amemaliza shule, akabaki kumhudumia baba yake, na hakumwangalia usoni siku nzima.

Wathome alingoja polisi, alingoja wazee wa ukoo, alingoja laana. Wiki ya pili alitumiwa ujumbe na Musili: njoo. Alikwenda. Alimkuta rafiki yake amevaa koti na tai.

"Unajua ile njia ya kwa kina Antony imebomolewa na maji," Musili akasema. "Gari litafika chini tu. Kiti hakiwezi kupanda kile kilima. Nibebe."

Walikodi gari la jirani hadi chini ya mlima, na hapo Wathome akainama, Musili akamkumbatia shingo, wakaanza kupanda kati ya mashamba ya mahindi na miembe. Njia ni mwinuko mkali, yenye changarawe. Wathome alikuwa na miaka arobaini na saba, na mapafu yake hayakuwa yale ya zamani. Alipumzika mara nyingi. Katika mojawapo ya mapumziko hayo alisema, akitazama mbele, "Musili, unaweza kunisamehe?"

"Sijui," sauti ikajibu sikioni mwake. "Leo sina nafasi ya kukufikiria wewe. Nafikiria nitamwambia nini mke wangu. Songa."

Kasyoki aliwaona wakiwa bado mbali. Hakuja kuwapokea, lakini alitoa mkeka. Wathome alimshusha Musili, akataka kuondoka, Kasyoki akamwambia abaki asikie.

Musili alisema maneno machache. Alisema alimwacha mkewe peke yake mbele ya mama yake na dada zake kwa sababu ilikuwa rahisi kuwa na mtu wa kulaumu. Alisema, "Wathome alinivunja mara moja. Mimi nimekuvunja kila siku nikinyamaza." Alilia. Sijawahi kumwona Musili akilia, hata akiwa hospitalini. Haya nayasema kwa kuambiwa na Antony.

Kasyoki aliwaacha wakae jua likiwachoma, akaingia ndani, akatoka na maji ya kunywa, akampa mumewe, kisha Wathome.

"Nitarudi," akasema. "Lakini hii maneno haitaishia hapa kwa kaka yangu. Nilitukanwa mbele ya watu, na itasemwa mbele ya watu. Mbele ya dada zako wote, Baba Kanini. Kanisani. Na kwa Omar, maana yeye pia aliharibiwa jina. Na si Mchungaji atasema. Ni wewe, Wathome. Kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa hapo nasikia."

Wathome akafanya hivyo, mahali patatu, kwa majuma matatu. Dada zake Musili walipiga kelele, mmoja akamrushia kikombe, na kisha, hilo ndilo lilikuwa gumu kutazama, hawakujua wamwangalieje Kasyoki. Wazee wa ukoo wakamtoza Wathome mbuzi na fahali, akatoa. Kanisani alisema bila kupamba. Hapakuwa na vigelegele. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, na nilipokiinua niliona wengi wameinamisha vyao. Baada ya ibada watu walipanga foleni kumwomba Kasyoki msamaha, nami nilikuwa ndani ya foleni hiyo. Alinishika mkono akasema, "Nimesikia." Sikustahili zaidi.

Omar alimsikiliza Wathome dukani mwake huku wateja wawili wakiwa wamesimama. Alikuwa amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe. "Mimi nilijua kamba yangu," akasema. "Lakini ningesema, nani angenisikiliza? Wangesema natetea biashara." Akasogeza kando beseni lililokuwa mbele yake. "Alhamdulillahi, nimesikia nikiwa hai." Kisha akamwangalia Kasyoki, wote wawili wakajua wanamfikiria nani ambaye hakusikia.

Haya yana mwaka mmoja na zaidi sasa. Wathome hakuwa mzee wa kanisa, na Mchungaji Ndolo alimwambia akae kwanza bila huduma yoyote. Anakaa benchi la nyuma na Mutanu. Hajanywa. Ananiambia hamu ya kaluvu humjia hasa Jumamosi, na ikimjia anamwambia Mutanu kwa sauti, "Nataka kunywa," naye Mutanu humpa kazi. Kabla, alikuwa akiificha hamu kama alivyoficha mengine. Nilimuuliza kama sasa moyo wake umetulia. Akasema Mungu amemsamehe, hilo ana hakika nalo, lakini yule bibi yuko kaburini na hakuna njia ya kumfikishia habari.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya nyumba ya Musili kukaribisha ushirika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mambo yale. Wathome alitufuata hadi langoni, akasimama hapo, nasi tukaingia bila kujua tufanye nini. Kasyoki alitoka na viti, akamwona.

"Ingia," akasema. "Usisimame juani kama mgeni."

Akaingia, akaketi karibu na mlango. Tuliimba, tukasoma. Wakati wa maombi ulipofika, Kasyoki, akiwa mwenye nyumba, alitazama watu mmoja mmoja ili achague wa kutuongoza. Macho yake yalifika kwa Wathome, yakakaa hapo kidogo, yakaendelea. Akamchagua Mutanu. Wathome akainamisha kichwa, akafumba macho, na mkewe akaanza kuomba.